Nilivyoshindwa Kuuthibitisha Ufukara Wangu

Mtu akikujia dirishani amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya kushona kwa mkono na viatu vinavyong'aa, kisha akakwambia hana uwezo wa kulipa ada ya kufungua kesi, usicheke. Mtazame miguu. Akitembea kama aliyekanyaga makaa, basi viatu si vyake, na huenda asemayo ni kweli. Hilo ndilo somo langu la kwanza katika kazi ya mahakama, na nililipata kabla sijaajiriwa, kwa kuwa viatu hivyo vilikuwa miguuni mwangu.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kazi ya masjala, na pia wale wasio na wakili wanaokuja kujisimamia wenyewe. Mimi nilianza kwa utarishi, nikaishia ukarani, hapa hapa Mombasa, na muda mwingi nilikaa kwenye dirisha ambapo watu huleta maombi ya kusamehewa ada. Siku hizi naambiwa maneno yamelainishwa. Miaka ya sitini, Uhuru ungali mpya na baadhi ya mahakimu wangali Waingereza, jambo hilo liliitwa kwa jina lake bila kupakwa asali: ombi la kuruhusiwa kushtaki kama fukara. Ulitakiwa uje wewe mwenyewe, usimame mbele ya hakimu, uulizwe una nini na huna nini, na mpinzani wako awe ameketi nyuma anasikiliza. Ilibidi uthibitishe kwamba huna. Aliyeitunga sheria hiyo hakika hakuwahi kuishi Mji wa Kale, ambako kuthibitisha kwamba huna kitu ni kazi ngumu kuliko kukitafuta hicho kitu.

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Mama alitangulia, baba akamfuata, nami nikaacha shule ningali naipenda, nikawa baba wa wadogo zangu watatu. Nilikuwa kibarua Kilindini. Meli ikija nabeba magunia, isipokuja nakaa nje ya geti na wenzangu tukijadili meli zilizopita. Tulichokuwa nacho ni nyumba aliyotuachia baba, ya ghorofa moja, yenye kuta nene na paa linalovuja mahali pale pale kila mwaka, tukapajua kama tunavyojua jina la jirani.

Sisi tulikaa chini. Juu, Ami Sudi, nduguye baba, alikuwa amepangisha watu na kodi akipokea yeye. Alidai baba alimuuzia nyumba kabla hajafa. Nani aliyeshuhudia? Baba, alisema, na baba ndiye yule tuliyemzika. Kwa muda tulivumilia, maana kumshtaki ami yako si jambo la kuamka asubuhi ukalifanya. Lakini siku moja alikuja na mnunuzi. Tulikuwa tunakula. Yule bwana alitoa kamba akaanza kupima chumba, akaruka sinia letu kwa adabu nyingi, akaomba radhi, akaendelea kupima. Ami alikuwa tayari ameshatugawa: dada yangu Salma angekwenda kwa shangazi Lamu, wale wadogo wawili kila mmoja kwa jamaa yake, nami, alisema, ni mwanamume, sikosi pa kulala. Jioni ile nikaamua. Nyumba ikienda, na sisi tumekwisha.

Wakili wa kwanza niliyemwendea alinisikiliza vizuri sana mpaka nilipomwambia sina kitu. Baada ya hapo alisikiliza saa yake. Mwenzangu mmoja wa bandarini akanambia si lazima wakili, mtu aweza kwenda mwenyewe, na kama hana ada, kuna ombi.

Ndipo nikaonana na karani wa masjala, Mgoa mfupi ambaye watu wote walimwita Bwana Kaitani. Alikuwa na tabia ya kuvuta mikanda ya suruali yake, ile inayopita mabegani, kila anapotaka kusema jambo la maana, kwa hiyo ukiona mkono unakwenda begani, unasikiliza. Yote niliyokuja kuwafundisha watu baadaye nilipewa na yeye asubuhi ile, naye alinipa huku akigombana na mtu mwingine kuhusu stempu.

Aliniambia niandike kila nilicho nacho, hata kikombe, kwa sababu mtu akificha kikombe hakimu humshuku ana kabati zima. Nguo za lazima za kuvaa hazihesabiwi. Kile unachokigombania nacho hakihesabiwi, kwa hiyo nyumba nisiiogope. Nisigawe wala kumwandikia mtu chochote kabla ya siku ya kesi, itaonekana nimejifukarisha kwa makusudi. Na mtu yeyote akinambia, “Nitakusaidia, tukishinda unipe chumba kimoja,” nimkimbie, maana ahadi kama hiyo huliua ombi hapo hapo. Mpaka leo haya ni maneno mazuri. Halafu akavuta mikanda yote miwili kwa pamoja.

“Lete watu wawili wanaokujua,” alisema. “Waseme tu ukweli. Huna kitu. Rahisi.”

Bwana Kaitani alikuwa mtu mwenye akili, lakini alikaa upande ule wa reli, mbali na Mji wa Kale na watu wake.

Nilirudi mtaani nikawaomba Maalim Twaha, aliyenisomesha Kurani chuoni, na Bi Kibibi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, rafiki wa mama. Wote wawili walikuwa wakijua hali yetu kuliko sisi wenyewe. Hasa Bi Kibibi. Siku ambazo sikupata kazi, sahani yake ilipita uani imefunikwa kawa, na kesho yake aliijia akilalamika kwamba sisi ndio tunaomaliza sahani zake. Hakutaja hata siku moja kilichokuwamo. Nami nilimrudishia sahani nikamshukuru kwa kutuazima.

Nilipomweleza ninachokitaka, alikunja upindo wa leso yake.

“Athmani, mwanangu, waenda kortini kusema nyinyi ni mafukara?”

“Ndiyo, Bi Kibibi. Ndivyo sheria inavyotaka.”

“Mama yako akisikia?”

“Mama amekufa, Bi Kibibi.”

“Kwani aliyekufa ndiye hana aibu?”

Nilimweleza habari ya mnunuzi na kamba yake, na Lamu, na watoto kutawanywa. Akalia kidogo, akasema atakuja. Nikadhani nimeshinda. Sikujua kwamba jioni ile ile mtaa mzima ulikaa kikao juu yangu. Uamuzi wao ulikuwa kwamba kama ni lazima kijana wao akasimame mbele ya serikali aseme hana kitu, basi atasema akiwa amependeza. Kanzu ilitoka kwa mtoto wa Bi Kibibi. Kofia aliitoa Maalim Twaha mwenyewe, ile ya sikukuu. Fundi mshoni akaleta viatu vyake vya harusi, ambavyo nadhani alioa navyo mtu mwingine kabla yake, maana havikuwa na ukubwa wa binadamu yeyote niliyemjua. Kukataa kungekuwa kuwatukana. Nikafukizwa udi nikaenda kuomba ruhusa ya kuwa fukara.

Nisimamishe kisa hapa niwape kanuni moja ya kazi, maana nikisahau hakuna atakayewaambia. Fukara wa kweli huja amependeza, na wa uongo huja amechanika. Miaka ya baadaye alikuja mtu wa Makupa, pekupeku, amevaa shati lisilo na kifungo hata kimoja, akiinama kama anayetafuta sindano. Alijibu maswali yote vizuri, hana hiki, hana kile. Hakimu alikuwa ameshashika kalamu, ndipo akaingia kijana mwenye mafuta mikononi, akanong'ona kwa sauti iliyofika mpaka kwa hakimu: “Tajiri, lile lori la pili limekatika springi. Fundi ataka umpe kitu kabla hajaanza.” Kwa upande mwingine, nilimwona mama mmoja amekuja na bangili za dhahabu za jirani yake. Alipoulizwa kama ni zake, akainua kichwa akasema ndiyo. Afadhali apoteze kesi kuliko aseme mbele za watu kwamba ameazima. Tangu siku hiyo niliwaambia wote waliopita dirishani kwangu: vya watu viacheni nyumbani kwa watu.

Turudi kwenye siku yangu. Chumba cha mahakama kilijaa, maana mtaani ilijulikana Athmani anamshtaki ami yake, na watu walikuja kunipa nguvu, na wengine walikuja tu. Ami Sudi alikaa benchi la mbele, nyuma yangu tu, na wakili wake, bwana mwenye miwani minene na sauti ya kubembeleza. Hakimu, Mwingereza mzee kidogo, alinitazama kuanzia kofia. Alipofika kwenye viatu, akakaa hapo kwa muda.

Aliniuliza kwa kinywa cha mkalimani kuhusu kitanda na sufuria na mkeka, nikajibu vizuri. Kisha akauliza jana tulikula nini. Ukweli ni kwamba jana tulikula uji wa chumvi, tena si wote. Lakini Ami alikuwa nyuma yangu, nilisikia anavyopumua, na ulimi ukajibu kabla yangu: “Tulikula, bwana, alhamdulillahi. Hatukukosa.” Bwana Kaitani, aliyekuwa amekaa pembeni na mafaili, akafunga macho.

Akaitwa Maalim Twaha. Mkalimani, Mtaita mpole, akamuuliza: je, kijana huyu ni fukara? Maalim akanitazama kwa huruma nyingi, na nilipoiona huruma ile nikajua nimeangamia.

“Fukara ni asiye na watu,” alisema. “Huyu ana watu.”

Hakimu akauliza kama nina fedha. Maalim akasema yaliyomo mfukoni mwa mtu ni baina yake na Mola wake, na kwamba yeye hakumsomesha mtoto huyu aje kumpekua mifuko mbele za watu. Akapewa ruhusa ya kukaa. Alipopita karibu nami alinigusa bega, kama mtu aliyenitendea wema mkubwa.

Akaja Bi Kibibi, buibui limemzunguka vizuri, akaapa. Hakimu akauliza kama katika nyumba ya mwombaji huwa kuna chakula.

“Nyumba ile tangu enzi za marehemu haikukosa,” alisema Bi Kibibi. “Hata mimi nikipungukiwa, hutegemea kwao. Sahani hupita pale uani karibu kila siku.”

“Inatoka wapi kwenda wapi?” aliuliza hakimu.

Bi Kibibi hakupepesa jicho. “Kwao kuja kwangu.”

Watu wa mtaa wetu wakaguna kwa kuridhika. Wakili wa Ami aliandika neno moja, akaweka kalamu chini, akaegemea kiti. Hakuwa na haja hata ya kusimama. Kesi yangu ilikuwa inauawa na watu walioamka alfajiri kuninyooshea kanzu. Nikawaza juu ya Salma na sanduku lake la kwenda Lamu. Hakimu akauliza, kwa kutimiza tu desturi, kama upande wa pili una la kusema. Wakili akasema hawana.

Hapo Ami Sudi akasimama.

Ili mwelewe, lazima mjue Ami alikuwa mtu wa namna gani. Hakuwa mwizi wa kujificha. Alikuwa mtu wa kukaa safu ya mbele msikitini, mtu wa kutajwa. Na pale, mbele ya mtaa mzima, Maalim alikuwa amesema nina watu bila kumtaja yeye, na Bi Kibibi amesema tunalisha majirani bila kumtaja yeye. Mayatima wa nduguye wamekua, wamenenepa, na jina la ami yao halimo. Wakili akamvuta mkono wa kanzu. Ami akauchomoa.

“Bwana hakimu, maneno haya si ya haki,” alisema. “Watoto hawa mimi ndiye niliyewalea. Hula kwangu, huvaa kwangu. Sahani gani inayotoka kwao? Hawana hata chumvi.”

Wakili alisimama akasema mteja wake amechoka. Hakimu akamwambia mteja wake haonekani kuchoka. Akamwapisha, akamfanya ayarudie maneno yale, kisha akamuuliza polepole, ikabidi mkalimani naye aseme polepole, kama angeacha kuwasaidia, watoto hawa wangekuwa na kitu gani?

“Hawangekuwa na kitu, bwana. Mafukara kabisa. Kibarua anapata leo, kesho hana. Hiyo kanzu si yake. Hivyo viatu tazama anavyosimama.”

“Na ada ya kufungua kesi hii anaweza kuilipa?”

“Ataitoa wapi?”

“Wewe utamlipia?”

Watu wakacheka. Ami akafungua mdomo, na nadhani hapo ndipo alipoiona nyumba ikimpita mbele ya macho, ngazi, mlango na wapangaji wake. Akaketi. Wakili alikuwa anafuta miwani yake, akaendelea kuifuta kwa muda mrefu. Ombi langu likakubaliwa. Hakimu alisema kwamba shahidi wa upande wa pili amemsaidia sana.

Kwa hiyo ami yangu, ambaye hakuwahi kutupa hata kibaba cha mchele, aliapa uongo kwamba anatulisha, na uongo ule ukathibitisha ukweli ambao marafiki zangu walikuwa wameuficha kwa mapenzi. Nimefanya kazi mahakamani mpaka nikastaafu na bado sijui ni kifungu gani cha sheria kinachohusu jambo hilo. Nje, Bi Kibibi alikataa kunipongeza. Alisema Ami amenivua nguo hadharani, na kwamba yeye amejitahidi alivyoweza. Nikamwambia najua, mama, umejitahidi sana.

Kutokana na siku hiyo nikajifunza kuchagua mashahidi, nami nikawafundisha wengine. Anayekupenda usimlete. Mlete msimamizi wa vibarua, mlete mwenye duka aliyekunyima mkopo, huyo atasema kwa raha. Na kama ni lazima umlete jirani, asiulizwe kama fulani ni fukara. Mji wa Kale hakuna fukara, waulizeni wenyewe. Aulizwe ameona nini jikoni. Mtu wa kwetu hatasema jirani yake hana kitu, lakini ukimuuliza vyungu vingapi viko juu ya moto, atahesabu. Jambo hili nilimwambia Bwana Kaitani, akavuta mkanda mmoja.

Yeye ndiye aliyenipatia kazi. Nilikuwa nakuja masjala kila nikikosa meli, kuuliza kesi yangu imefika wapi, mpaka akachoka kuniona nimesimama bure, akanipa mafaili nipeleke ghorofani. Baadaye tarishi mmoja akahamishwa, nami nilikuwa tayari nazijua ngazi.

Kesi yenyewe ilipokuja kusikilizwa haikuwa na mambo mengi. Ami hakuwa na shahidi wa kuuziwa nyumba, na yale aliyoapa mwanzoni, kwamba ametulea kama baba, yalimfanya aulizwe kwa nini baba huyo anawauzia watoto wake paa. Nyumba ikarudi kwetu. Salma aliolewa akitoka mlango ule ule. Wale wadogo wawili walisoma, mmoja baada ya mwingine, kama ilivyotakiwa.

Lakini kuna jambo ambalo watu wengi wanaoomba kusamehewa ada hawalijui, nanyi mwambieni kila atakayekuja. Ada haifutwi, hungoja. Fukara akishinda, aliyeshindwa huweza kuamriwa ailipe. Ndivyo ilivyokuwa. Siku chache baada ya hukumu Ami alikuja masjala asubuhi, akalipa ada yangu yote dirishani kwa Bwana Kaitani, akachukua risiti, akaikunja vizuri, akaitia kwenye mfuko wa kizibao.

Jioni yake nilikuwa natoka kazini. Pale kwa muuza kahawa wazee walikuwa barazani, na Ami katikati, risiti mkononi, ikizunguka kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu. Alikuwa akiwaeleza kwamba mayatima wa nduguye walikuwa na deni kortini, naye, damu nzito kuliko maji, amekwenda akalilipa kwa mkono wake. Wote pale walijua habari yote, toka kamba ya mnunuzi hadi hukumu. Wakaitazama risiti wakatikisa vichwa, wakasema Mungu amzidishie.

Maalim Twaha aliniona nikipita, akaniita.

“Athmani. Ni kweli ami yako amekulipia ada ya korti?”

Ami hakunitazama. Alinyoosha mkono akaichukua risiti yake, akaanza kuikunja. Mle ndani ya nyumba yangu wadogo zangu walikuwa wananingoja, wote watatu.

“Ni kweli, Maalim,” nikasema. “Amelipa yote, hakubakisha.”

Ami akasogea kidogo kwenye baraza, akanipa nafasi. Nikaketi.